Kilauri cha Ijumaa: Mwanafunzi wa Kamina na Chakula cha Mwenzake

Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, Kamina



Waheshimiwa maprefe na wakurugenzi wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi ambao ndio hasa niliowajia.

Nitatanguliza ombi lenyewe, asije mtu akakaa hapa mpaka mwisho akijiuliza ninalenga mfuko wa nani. Kila Ijumaa, mwanafunzi anayeweza alete shuleni kilauri kimoja cha maharagi, cha mahindi au cha karanga zilizokwisha kuambuliwa. Nimesema kilauri, sikusema meka ya sokoni, wala gunia. Kiwekwe ghalani, kipikwe hapo hapo shuleni, kiliwe na wote. Yanayobaki ni kueleza kwa nini kiwe kidogo hivyo, kwa nini kisilazimishwe, na kwa nini ninakazia neno "wote", maana hapo ndipo watu wenye nia njema huharibu kazi.

Njaa ya shule si njaa ya mabango. Mabango mnayajua: mtoto mwenye tumbo kubwa, nzi machoni, nembo ya shirika pembeni. Njaa ya shule hapa Kamina huvaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nyumba nyingi za mji huu hupika mara moja kwa siku, jioni. Aliyekula bukari na sombe saa moja ya usiku huingia darasani kesho yake saa moja na nusu, na kengele ya kutoka hulia saa sita na nusu mchana. Hapo amekaa saa 17 na nusu bila kitu tumboni, na bado ana safari ya kurudi kwao kwa miguu.

Mkitaka kumjua, msimtafute wakati wa somo. Mtazameni wakati wa mapumziko. Wenzake wanakimbilia kwa mama mwenye beseni la mikate. Yeye anafunga upya kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Au anabaki darasani akinakili somo. Anakwenda kunywa maji mara mbili. Rafiki akimmegea kipande cha mkate atasema ameshiba, kisha atakipokea huku anatazama pembeni. Mkirudi ndani, na somo likiwa la hesabu, ataandika tarehe kwa mwandiko mzuri sana, ataipigia mstari, na chini ya mstari hapataandikwa kitu. Mwalimu atamwita mvivu. Neno hilo limejaa katika taarifa za shule zetu, na mahali pengine lingefutwa na kikombe cha uji.

Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini kote mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba watoto 43 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula cha kutosha na kinachofaa kwa muda mrefu. Tarakimu hiyo husomwa kama habari ya watoto wadogo. Pigeni hesabu ya miaka. Waliopimwa wakati ule leo wamo sekondari. Wamekaa mbele yangu hapa.

Ajabu ni kwamba hatukai jangwani. Jimbo letu la Haut-Lomami lina maeneo matano: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Samaki wakavu wa maziwa ya Upemba na Kisale huja na magunia yao na harufu yao, mihogo iko kila upande, na huko Kaniama-Kasese Service National ya Serikali imefyeka mashamba makubwa ya mahindi ambayo hupakiwa kwenye treni kwenda majimbo mengine. Kamina yenyewe ni njia panda ya reli. Mstari mmoja unashuka Bukama mpaka Lubumbashi, mwingine unakwenda Kananga na Ilebo, wa tatu, uliounganishwa mwaka 1956, unakwenda Kabalo, na kutoka hapo Kalemie au Kindu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui. Vitabu hueleza kwamba ilijengwa kwa ajili ya shaba, na ni kweli. Lakini mabehewa hayo hayo yalibeba mahindi na mihogo ya Lomami na Kasai kupeleka kambi za Union Minière, ambako mfanyakazi na jamaa yake walipewa poso kila wiki. Mji wetu umekua huku unapitisha chakula cha watu wengine.

Na wakulima waliokitoa hawakuulizwa kama wanapenda. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa wakuu wa kikoloni uwezo wa kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao waliyopangiwa, siku 60 kwa mwaka. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, siku hizo zikafikishwa 120, na asiyetimiza alitozwa faini au akafungwa. Baada ya uhuru likaja salongo la Mobutu: kazi ya pamoja iliyosifiwa kwa nyimbo na kusimamiwa na mtu mwenye orodha. Kisha miaka ya 1990 Serikali ikaacha kuwalipa walimu ipasavyo, mzigo ukawaangukia wazazi, na watoto wa vizazi viwili wakazoea kusikia majina yao yakisomwa asubuhi mstarini kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule, halafu wakarudishwa nyumbani na begi mgongoni.

Kwa hiyo mzazi wa Kamina akisikia neno "mchango" hushika mfuko wake, na ana haki. Wanaoandaa mikusanyo ya chakula hupenda kulalamika kwamba watu wetu hawana moyo wa kutoa. Mimi naona watu wetu wana kumbukumbu nzuri. Wametozwa mara nyingi kwa jina la kutoa.

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 jambo hilo limeanza kutekelezwa. Sekondari bado tunalipa. Ukimletea mzazi huyo anayelipa sekondari karatasi nyingine inayosema kila mtoto alete kilo fulani ya unga, umemwongezea ada, hata kama juu ya karatasi umechora moyo mwekundu. Jirani zetu wa Tanzania wamepita njia hii. Shule nyingi kule zilikuwa zikiwaomba wazazi mahindi na maharagi kwa ajili ya uji wa watoto; pole pole ombi likawa sharti, na watoto wa wasioleta wakawa wanarudishwa nyumbani. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Wako waliomlaumu kwamba ameziba hata mlango wa uji. Mimi, ambaye nimekuja hapa kuomba chakula, namwelewa. Siku mtoto mwenye njaa anapofukuzwa shule kwa sababu hakuleta chakula, mkusanyo huo umekwisha kugeuka kichekesho kibaya.

Basi nayasema haya mbele ya maprefe, na ningependa katibu wa mkutano ayaandike. Pasibandikwe ukutani orodha ya waliotoa. Asisimame mtu mlangoni Ijumaa kutazama nani ameshika nini. Alama za mwenendo zisiongezwe wala zisipunguzwe kwa ajili ya kilauri. Mwalimu asiyekubaliana na hayo asipewe kazi hii. Apewe bendera, au kwaya.

Twende kwenye hesabu, na wanafunzi wa sayansi mnikosoe. Kilauri cha kawaida kikijaa maharagi kina karibu gramu 200. Katika mipango ya chakula cha shule inayofuatwa sehemu nyingi duniani, mtoto hupangiwa gramu 30 hadi 40 za maharagi kwa mlo mmoja, na gramu 120 hadi 150 za unga au mchele, na mafuta kidogo, na chumvi. Kilauri kimoja cha maharagi basi ni sahani tano. Tuseme darasa lina wanafunzi 50 na walioleta ni 30 tu. Hizo ni kilo 6, sahani 150. Darasa zima, walioleta na wasioleta, limepata maharagi ya siku tatu.

Hapo ndipo wenye haraka hupiga makofi na kwenda zao. Subirini. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa mahindi. Vilauri 30 vya mahindi havifiki kilo 6, na mkitaka kusonga bukari kwa gramu 120 kila mtoto, watoto 50 hawashibi hata siku moja. Nafaka ndiyo inayokula ghala. Mikusanyo mingi ya shule hufa wiki ya tatu kwa sababu waandaaji waliahidi bukari kila siku. Mahindi hayo yakisagwa yakawa uji, gramu 50 kwa kikombe, mnapata vikombe zaidi ya 100, yaani darasa hilo mara mbili. Ushauri wangu ni uji wenye karanga zilizotwangwa siku ya Jumatatu, kwa sababu Jumapili nyumba nyingi humaliza kilichokuwepo, na maharagi pamoja na mihogo mitamu au viazi vya kuchemsha siku ya Alhamisi. Siku mbili kwa wiki, lakini zisikosekane. Mtoto akishajua kwamba Jumatatu kuna uji, ataamka Jumatatu.

Kuna jambo la majira pia. Mahindi yetu huvunwa kuanzia mwezi wa tatu na wa nne. Njaa yenyewe iko mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili, wakati shamba ni kijani na chungu ni kikavu. Ukiomba chakula Januari, unamwomba mtu mwenye njaa. Ijumaa za kujaza ghala ni zile za mwezi wa nne mpaka shule inapofungwa mwanzoni mwa Julai, meka ya mahindi inapokuwa rahisi sokoni na hakuna mama atakayeona kilauri kimepungua. Maana yake chakula kitakaa miezi saba au minane. Na chakula kinachokaa kinaweza kuua.

Sisemi hivyo kuwatisha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe. Yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu ambayo Watanzania wameipa jina zuri, sumukuvu. Haiondoki kwa kuchemsha. Haina harufu ambayo pua yako itaitambua. Huharibu ini, na mtoto ndiye wa kwanza. Basi shule itakayokusanya mahindi bila kuyapima ni heri isikusanye.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Anika chumvi juani mpaka iwe inatiririka kama mchanga. Tia punje za mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Geuza chupa utazame. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu; yarudi juani. Ikiwa yote imeanguka chini na kioo ni safi, yapokee. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo, na angejifunza humo kemia zaidi ya ile anayoikariri.

Karanga zichambuliwe mkononi moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye vumbi la kijani itupwe, isipewe hata kuku. Unga usipokelewe kabisa. Unga huficha; punje hujionyesha, na huchelewa kuharibika. Magunia yasigusane na ukuta wala sakafu, yakae juu ya mbao, na mbao zikae juu ya matofali. Fukusi mtapambana nao kwa kuanika upya kila mwezi wa kiangazi. Kuhusu mihogo mikavu, mimi ni mkali: tupokee tu ile ambayo mama anayefahamika ameiloweka siku za kutosha. Mihogo michungu iliyoharakishwa imewapooza miguu watu wengi wa Kwango, kama huko Kahemba. Ugonjwa huo, konzo, ulielezwa na daktari Trolli tangu mwaka 1938, na haujaisha. Walioupata walikuwa na njaa, wakapunguza siku za kuloweka. Njaa hufanya watu waruke hatua.

Na hapa niseme kwa wenye nafasi. Kilauri chako kitoke kwenye gunia mnalokula ninyi. Usiniletee maharagi ya mwaka juzi ambayo mama alikuwa anatafuta pa kuyatupa.

Sasa tufike kwenye neno "wote". Ninajua njia rahisi. Unamwuliza mwalimu wa kila darasa majina ya watoto watano maskini zaidi, unawaita mbele ya bendera, unampa kila mmoja mfuko wa unga na chupa ya mafuta, mtu anapiga picha kwa simu. Nimeona hafla kama hizo. Mfuko ule una kilo tano, na mtoto anaubeba mpaka anamaliza shule. Ndiyo maana wengine hawaji siku hiyo. Wanajua jina lao limo.

Mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, Japani, watawa wa Kibuda walianzisha shule kwa ajili ya watoto maskini. Walipita mitaani wakiomba sadaka, na kwa walichopata wakawapikia watoto wali wa kukandwa mkononi, samaki wa chumvi na mboga za kuchachua. Wajapani wanahesabu kwamba chakula cha shule kwao kilianzia hapo: mkusanyo wa sadaka kwa maskini, kama huu tunaouzungumza. Lakini hawakubaki hapo. Mwaka 1954 walitunga sheria ya chakula cha shule, na leo katika shule zao za msingi mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji hula chakula kimoja darasani, na watoto wenyewe, kwa zamu, huvaa kofia na joho jeupe na kuwapakulia wenzao. Aliyekula jana ndiye anayepakua leo. Hakuna anayeweza kusema nani anasaidiwa.

Hilo tunaweza kulifanya Kamina bila pesa ya Japani. Mwenye maharagi alete maharagi. Asiye na maharagi ana kuni, au ana bustani yenye matembele, au ana mikono ya kuchota maji, kuchambua mawe kwenye mahindi, kuosha sufuria. Kila mtu aingie katika hesabu ya waliotoa, na kila mtu akae kwenye uji. Mtoto wa mfanyabiashara naye ale. Asikae pembeni akiwatazama wenzake wanakula kilauri chake. Hakuna kitu kinachoharibu ladha ya chakula kama macho ya aliyekitoa.

Kugawana sahani si jambo geni kwetu: mji huu una mazoea ya kupokea watu. Ulifanya hivyo katika vita vya 1998 mpaka 2003. Baadaye, mwaka 2005 na 2006, wanamgambo wa Mai-Mai wa Gédéon na askari walipoigeuza pembe tatu ya Manono, Mitwaba na Pweto kuwa mahali pa kukimbiwa, watu zaidi ya 150,000 waliacha vijiji vyao katika kaskazini na kati ya Katanga. Waliofika huku walilala makanisani, madarasani, katika nyumba za watu ambao nao walikuwa na sahani chache. Baadhi yenu ni watoto wa waliofika hivyo. Mtaalamu wa teolojia Pamela Couture alikuja kuwasikiliza watu wa Kamina juu ya miaka ile, na kitabu alichotoa mwaka 2016 akakipa jina linalosema kwamba si sote ni wahanga. Nalipenda jina hilo kwa sababu lilisikika hapa kabla ya kuandikwa. Aliyefika na mtoto mgongoni, kesho yake alikuwa analima katika shamba la mwenyeji.

Mtaniuliza kama chakula kweli kinasaidia masomo, au kinasaidia tumbo tu. Jibu liko Kenya tena, katika Busia na Teso. Watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walichukua shule 50 za chekechea. 25, zilizochaguliwa kwa kura, zikapata uji wa asubuhi, nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Mahudhurio katika shule za uji yalikuwa karibu asilimia 36, na katika zile nyingine asilimia 27. Watoto walikuja. Lakini alama zao katika mtihani zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa amefunzwa vizuri kazi yake. Nawaomba walimu wenzangu msiharakishe kuipita sentensi hiyo. Uji utamleta mtoto mpaka mlangoni, na hapo anatukuta sisi.

Nilijua mtu angenong'ona: "Lakini hii ni kazi ya Serikali." Ni kazi ya Serikali. Mimi sitamwondolea waziri mzigo wake kwa kilauri cha maharagi, na natamani siku ambayo mhadhara kama huu utakuwa hauna maana. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo limepika katika shule za nchi hii, limeondoka mahali, limerudi mahali, kulingana na wafadhili wake; huwezi kupanga Jumatatu yako kwa kalenda ya mfadhili. Wakenya mwaka 2011, ukame ulipoipiga Turkana, walikuwa na Serikali na walikuwa na mashirika, lakini walipoombwa wachangie kwa simu zao katika kampeni waliyoiita Kenyans for Kenya, walipita lengo la shilingi milioni 500 lililowekwa kwa wiki nne. Wengi walituma fedha ndogo sana. Naona walituma kwa sababu jumla ilikuwa inatangazwa, na kila mtu aliona inapanda.

Hilo linanileta kwenye daftari. Mkusanyo wa chakula hapa kwetu hauuawi na umaskini. Unauawa na uvumi kwamba mwenye ufunguo anakula. Wazee wetu Waluba waliijua kazi ya kumbukumbu: watu wa chama cha Mbudye walishika lukasa, ubao wa mti uliopachikwa shanga na simbi, wakaupitisha vidole na kusoma humo nasaba za wafalme, safari na mipaka. Haikuwa mali ya mtu mmoja kuikumbuka anavyopenda. Walifundishwa, na walisahihishana. Lukasa nyingi leo zimekaa katika kabati za vioo huko Ulaya na Marekani. Sisi tutumie daftari la mistari. Kila Ijumaa saa sita wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wapime kilichopatikana kwenye mizani mbele ya yeyote anayetaka kutazama, waandike kilo, si majina. Kila Jumatatu na Alhamisi waandike kilichotoka na idadi ya waliokula. Ghala liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa wanafunzi na mmoja kwa wazazi. Prefe asishike hata mmoja. Hiyo ni kumlinda yeye. Jumla iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa nje, kila wiki, hata wiki ambayo ni aibu kuiandika. Wiki ya aibu ndiyo itakayowafanya watu waamini zile nyingine.

Kuhusu kupika, mbabula za makala hazitoshi kwa sufuria la watoto 300, na makala yanatumalizia msitu. Mafundi wa hapa mjini wanajua kujenga jiko la matofali lenye mdomo mdogo, linalobana moto na kutumia kuni chache. Lijengwe kabla ya mvua. Mama mpishi alipwe, hata kama ni kwa meka ya mahindi kutoka ghala hilo hilo, na iandikwe daftarini. Tusijenge ukarimu wetu juu ya kazi ya bure ya mwanamke mmoja.

Walio mwaka wa mwisho wasipangiwe zamu wakati wa maandalizi ya Exetat, mtihani wa Serikali. Wao wale uji, wasome. Wengine wote mna zamu. Najua jinsi zamu hizi hupangwa kwetu: wasichana wanapewa maji, kuni, kuchambua, kupakua na kuosha, na wavulana wanapewa ulinzi wa ghala. Ghala halihitaji walinzi 40. Ijumaa hii tunapokea, Jumatatu tunapika. Wavulana, zamu ya kwanza ya kuosha sufuria ni yenu.